Sili ya Shilingi 28,000

Najua nimepotea siku nyingi. Leo naomba niache kidogo siasa, bajeti na mambo ya wakubwa. Nataka niongelee kipande cha mpira cha mviringo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kwa jina kinaitwa sili ya nyuma ya krankshafti. Kilitaka kunigombanisha na fundi wangu, kikanigombanisha na mama yangu, na mwisho kikanionyesha mimi ni mtu wa namna gani nikiwa na hasira na kalamu mkononi. Sikujisifia nilichokiona.

Nianze mwanzo. Mwaka 2021 nilinunua Toyota Celica, ile yenye macho manne ya duara mbele. Ni toleo la sita, lililoanza kutoka mwaka 1993 na kufikia mwisho mwaka 1999. Yangu ni ya 1996, giaboksi ya mkono, injini 3S-GE ya cc 1,998. Namba zake ni zile za B, wakati mitaani sasa zinapita za E. Wenzangu kazini walinicheka. Walisema mwandishi wa habari mwenye akili ananunua IST, anatulia. Mama naye aliliangalia, akalizunguka, akauliza, "Mwanangu, na abiria wa nyuma anapandia wapi?"

Lakini mimi Celica ilikuwa kichwani tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa Safari Rally. Kila Pasaka alikuwa ananitajia miaka kama mtu anayesoma tasbihi: Celica ilishinda 1984, 1985, 1986, ikarudi 1990, kisha 1992, 1993, 1994 na 1995. Mwaka 1994 aliyeshinda alikuwa Ian Duncan, Mkenya, mtoto wa nyumbani, na baba alikuwa akilitamka jina hilo utafikiri ni binamu yake. Sasa kijana aliyekua na hadithi hizo unamwambiaje anunue IST?

Basi, Juni 2023 nilikuwa natoka Mkuranga kufuatilia habari ya korosho. Jioni, nahariri kichwani huku naendesha, mhariri anapiga simu kila dakika kumi. Karibu na Vikindu nikaona sindano ya joto inapanda. Nikasema labda ni foleni. Ikapanda tena. Nikaona moshi mweupe mbele. Mtu mwenye akili anasimama, anazima, anasubiri. Mimi nikasema, "Nitaangalia nikifika." Nikaendesha mpaka Kongowe, na pale gari likaniamulia lenyewe. Lilizima na halikuwaka tena.

Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mpira wa shilingi elfu chache tu! Maji yote yalimwagika, na mimi nikaendelea kuchoma injini kavu kilometa baada ya kilometa. Fundi alipofungua kifuniko cha oili kesho yake, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yamekutana na oili. Alipofungua silinda hedi alikuta imepinda, na ukuta wa silinda ya tatu una michubuko kama umekwaruzwa na msumari. Hakunigombeza. Aliniita tu nije nione, akanielekeza kwa kidole, akarudi kukaa kwenye benchi lake.

Huyu fundi ni mzee wa makamo, gereji yake iko Temeke, chini ya mkungu. Sitamtaja jina kwa sababu hakuniomba umaarufu. Namuita mzee, yeye ananiita "mwandishi". Akaniambia njia ni mbili. Ya kwanza ni ovahoo: hedi ikasawazishwe kwa mchonga vyuma, silinda zitanuliwe, pistoni na ringi mpya za saizi kubwa, beringi zote mpya. Ya pili ni kutafuta injini ya mtumba kutoka Japani iliyo nzima, kuivisha vitu vipya pale palipochoka, na kuifunga. Tukapiga hesabu. Ovahoo ya kweli, siyo ya kubahatisha, ilikuwa inazidi uwezo wangu. Tukachagua mtumba.

Mfukoni nilikusanya shilingi 3,700,000. Katika hizo, 1,200,000 zilikuwa za mama. Alizikopa kwenye kikoba chao cha Mbagala, akina mama wenye magenge na wauza samaki, wanaokutana kila Jumapili. Alinipa zikiwa kwenye bahasha ya kaki akasema sharti moja: mdogo wangu wa kike anahitimu Sokoine pale Morogoro mwezi wa kumi na moja, na yeye anataka kwenda na gari la mwanawe, siyo kubanwa kwenye basi na kilemba chake. Nikamwambia, "Mama, hiyo umeshafika."

Tulikwenda na mzee kwenye godauni la injini za mtumba. Jamani, yule mzee anavyokagua injini ni somo. Kwanza alifungua kifuniko cha oili akachungulia kwa tochi: alikuwa anatafuta tope jeusi, dalili ya mtu aliyekuwa habadilishi oili. Kisha akatoa plagi zote nne, akazipanga kwa mpangilio wa silinda zake juu ya gazeti (gazeti letu, niliona jina langu limekaa chini ya plagi ya pili). Alitaka zote ziwe na rangi moja, kahawia ya kufifia. Iliyo na oili mbichi, au nyeupe kupita kiasi, inasema jambo. Akashika bolti ya puli ya mbele kwa spana, akaizungusha injini kwa mkono taratibu, sikio karibu, kusikia kama kuna kinachogonga au kukwama.

Halafu akadai kipimo cha kompresheni. Muuzaji akanung'unika, lakini mzee hakusogea. Wakaifunga stata na betri, koo la hewa likiwa wazi kabisa, plagi zote nje, wakapima silinda moja moja. Zilisoma 170, 172, 168 na 170. Mzee akaniambia namba kubwa siyo kila kitu, cha muhimu ni nne hizo zisiachane sana. Silinda moja ikibaki nyuma peke yake, humo ndani kuna mgonjwa. Tukalipa 2,200,000. Akasisitiza nichukue karatasi zote za uingizaji, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini lazima ukabadilishe taarifa TRA. Vinginevyo siku ukitaka kuuza, au askari akiamua kufungua boneti, unaanza kujieleza.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Injini ya mtumba hata ikiwa nzima, vyuma vyake ndivyo vizima. Mpira ni mambo mengine. Injini imekaa kwenye gari miaka, ikakaa yadi huko Japani, ikakaa kwenye kontena, ikakaa godauni Dar na joto letu hili. Chuma kinasubiri. Mpira hausubiri, unakauka na kuwa mgumu. Kwa hiyo mzee alikaa chini na mimi, akaanza kunitajia, nami nikawa naandika kwenye daftari langu la kazi, ukurasa baada ya maelezo ya korosho.

Mkanda wa taimingi na roli zake mbili, ya kukaza na ya kuongoza: 145,000. Huo unabadilishwa hata kama unaonekana mzuri, kwa sababu hujui umetembea kilometa ngapi. Katika injini nyingi ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na hapo unarudi sokoni kutafuta injini nyingine. Pampu ya maji: 85,000. Nikauliza, mbona inazunguka vizuri? Akanionyesha kwamba kwenye injini za 3S pampu ya maji inaendeshwa na huo huo mkanda wa taimingi. Ikianza kuvuja baadaye, unafungua yote uliyoyafunga leo. Themostati na mipira yote ya rejeta: 95,000, na hapa hakuniangalia usoni, nami nikajua ananikumbusha Vikindu. Seti ya klachi: 260,000. Maunting'i za injini: 140,000, maana za zamani zilikuwa zimepasuka hadi unaona chuma. Gasketi ya kava ya vali, sili za kamshafti na sili ya mbele ya krankshafti: 75,000. Plagi mpya: 60,000. Oili, filta na maji ya rejeta: 120,000. Ufundi: 320,000.

Jumlisha mwenyewe. Spea na ufundi ni 1,300,000. Ukiongeza injini ni 3,500,000 kamili. Nilibaki na 200,000.

Akasema, "Bado moja. Sili ya nyuma ya krankshafti. Elfu ishirini na nane."

Nikauliza iko wapi. Akanionyesha. Iko nyuma kabisa ya injini, imejificha nyuma ya flaiwili, pale injini inapokutana na giaboksi. Kazi yake ni kuzuia oili ya injini isitoke pale krankshafti inapotokeza. Injini ikiwa chini, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, unatoa flaiwili, unaing'oa, unapachika mpya. Injini ikishafungwa ndani ya gari, ili uifikie lazima utoe ekseli, ushushe giaboksi, utoe klachi, utoe flaiwili. Siku nzima, wakati mwingine mbili.

Nikaitazama. Ilikuwa kavu, haina hata tone. Nikamwambia, "Mzee, hii haivuji." Akajibu, "Haivuji kwa sababu haina oili ndani, mwandishi. Mtungi mtupu hauvuji." Halafu akacheka kidogo akasema, "Hii inaitwa sili, lakini ikichoka inakula kuliko wote."

Nami nilicheka. Nilidhani ni utani tu.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Kuna kijana jirani na gereji anachomelea mafla za kunguruma. Mdomo mpana, unang'aa, na sauti yake ukikanyaga mafuta watu wanageuka. Bei 180,000. Nilikuwa na 200,000. Ukitoa mafla inabaki 20,000 ya mafuta ya kutokea gereji. Ukiweka sili, mafla hakuna. Nikamwambia mzee sili aiache. Akanyamaza kidogo, akaniuliza mara ya pili: "Niiache?" Nikasema iache. Akasema, "Haya. Gari ni lako, pesa ni yako."

Injini ilifungwa Julai. Nilikuwepo siku ya kuwasha. Walijaza maji kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, wakaiacha inguruma taratibu mpaka themostati ikafunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, mapovu yakatoka, maji yakashuka, wakaongeza. Feni ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe. Sindano ikatulia katikati. Nilitaka kulia, nisiwafiche. Na mafla ikanguruma. Temeke yote iligeuka.

Miezi minne nilikuwa mfalme. Kuanzia Oktoba niliona tone dogo chini ya gari asubuhi. Nikasema ni maji ya kiyoyozi. Maji ya kiyoyozi meusi! Nikaweka kipande cha boksi ili sementi ya mwenye nyumba isichafuke, nikaendelea na maisha.

Ikafika Novemba, siku ya mahafali. Mama aliamka saa tisa usiku. Kitenge kipya, kilemba kimesimama kama mnara, mkononi shada la maua ya plastiki na kikapu cha maandazi. Tukatoka Mbagala giza bado, tukashika Mandela, tukapita Tazara, Ubungo, Kibaha hiyo, Mlandizi hiyo. Mama ametulia kiti cha mbele, anaimba kimyakimya. Kuna wakati akanigusa bega akasema, "Baba yako angekaa hapa nilipokaa mimi, mimi ningekaa nyuma nimekunja magoti, na nisingelalamika." Sitasahau sentensi ile.

Tulipovuka daraja la Ruvu barabara ikaanza kupanda. Nikakanyaga mafuta kulipita lori. Injini ikapiga kelele, mafla ikanguruma, lakini gari halikwenda. Sindano ya mizunguko inapanda, spidi inashuka. Nikabadili gia, vilevile. Ikaingia harufu ya kuungua, kali, kama kwato za ng'ombe kwenye moto. Tukajikokota, malori yanatupigia honi, mpaka karibu na mizani ya Vigwaza. Pale likakataa kabisa. Injini inawaka vizuri, inanguruma kwa raha zake, magurudumu hayana habari.

Wakati ule treni ya SGR ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria, ilianza Juni 2024. Nilisimamisha mabasi matano. Yote yalikuwa yamejaa wazazi wenye maua kama mama yangu. La sita likamchukua, amesimama. Nilimwona anapanda ameshika kikapu kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono mwingine. Alifika Morogoro wahitimu wa kundi la mdogo wangu wameshasimama, wameshatunukiwa, wameshakaa. Miaka mitatu ya kuuza genge, na dakika ile moja ikampita akiwa ameshika bomba la basi.

Mimi nilikaa Vigwaza mpaka alasiri kusubiri gari la kuvuta. Shilingi 250,000, za kukopa. Na njia nzima kurudi Dar nilikuwa na kazi moja tu: kumchukia fundi.

Nilifika gereji saa kumi na mbili jioni. Vijana wake walikuwepo, wateja wawili walikuwepo. Sikumsalimia. Mtu aliyelingana na baba yangu, sikumpa shikamoo. Nikaanza kupiga kelele. Kwamba ni tapeli, kwamba alichukua pesa ya mama yangu ya kikoba, kwamba klachi aliyoweka ni feki. Na nikasema lile neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nikasema, "Wewe hunijui. Nitakuandika. Mji mzima utakujua."

Yeye alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Acha gari hapo. Kesho tutaliangalia." Basi.

Usiku ule sikulala. Kama nilivyotishia, nikawasha kompyuta nimwandike. Ndiyo, nilikuwa naandika kweli. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari na aya mbili kali. Nikafika mahali pa kutaja nilichomlipa na kwa kazi gani, na kazi yetu hii imenifundisha kwamba namba hukisii, unafungua daftari. Nikafungua daftari la Juni. Korosho, korosho, korosho. Kisha orodha.

Ilikuwepo mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu: "Sili ya nyuma ya krankshafti, 28,000." Imekatwa mstari. Pembeni, kwa herufi kubwa, nimeandika IACHE. Nimepigia mistari miwili chini. Na chini yake, kwa furaha zangu: "Mafla 180,000!!!" Alama za mshangao tatu, nimehesabu.

Nilizima kompyuta. Ningekuwa nimempigia mtu mwingine simu siku ile akaniambia fundi kamtapeli, ningemwuliza maswali kumi kabla ya kuandika mstari. Ungesema nini upande wa pili? Risiti iko wapi? Nani alishuhudia? Lakini habari ikiwa yangu mwenyewe, hasira yangu ilinitosha kuwa ushahidi. Na silaha niliyoitoa ilikuwa ni gazeti ambalo siyo mali yangu. Nimeshawahi kuandika makala ya kuwasema wakubwa wanaotumia vyeo vyao kutisha watu wadogo. Sikuitafuta nikaisoma tena. Nilikuwa naikumbuka vizuri.

Asubuhi nilifika gereji kabla yake. Alipokuja nikasimama. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikampa daftari limefunguliwa kwenye ukurasa ule. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia. Nikamwambia, "Mzee, jana nimekukosea mbele ya watu. Naomba nikuombe radhi mbele ya watu wale wale." Tukawasubiri vijana wake waje. Nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu, sili niliikataa mimi, na neno la kumwandika lilikuwa neno la mpumbavu. Mmoja wa vijana akaangalia chini, nadhani alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu.

Nilitegemea mzee atanipa nasaha ndefu. Hakunipa. Alisema, "Vua hilo shati zuri. Shika tochi."

Nikashika tochi siku nzima. Walitoa ekseli, wakamwaga oili ya giaboksi, wakashusha giaboksi. Ndani ya nyumba ya klachi kulikuwa kumelowa. Mzee akachovya kidole, akanusa, akanipa nami ninuse. Akaniambia mtu asikurupuke, oili eneo hili inaweza kutoka sehemu tatu: kava ya vali juu ikatiririka mpaka chini, sili ya shafti ya giaboksi, au sili ya krankshafti. Oili ya giaboksi ina harufu yake kali kama ya kiberiti. Hii haikuwa nayo. Juu kwenye kava kulikuwa kukavu. Imebaki moja. Hata pale, akiwa na haki yote ya kusema "nilikwambia", alikagua kwanza kabla ya kusema. Mimi mwandishi nilikuwa nimeshika tochi nikijifunza kazi yangu kwa fundi magari.

Pleti ya klachi ya miezi minne ilikuwa imelowa oili na kuungua, nyeusi, inang'aa kama kioo. Hiyo haiponi, inatupwa. Walitoa flaiwili, na sili ikaonekana, na alama ya oili ikitiririka chini yake. Mzee akaing'oa taratibu asikwaruze shafti, akanipa. Akanipa na mpya mkono wa pili. "Bana zote." Mpya ilibonyea na kurudi kama sikio la mtoto. Ya zamani ilikuwa ngumu kama mfuniko wa ndoo, na nilipoikaza zaidi ikapasuka. Mdomo wake ulikuwa umekaa kwenye mpira mkavu miaka yote ile, halafu mimi nikaupa krankshafti inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika na oili ya moto, nikategemea muujiza.

Aliipaka mpya oili kidogo mdomoni, akaipachika sawasawa, akafunga flaiwili bolti zikikazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu. Klachi mpya ikafuata, ikawekwa katikati kwa kifaa chake, giaboksi ikapanda.

Hesabu ni hii, naiandika ili iniaibishe vizuri: ufundi 150,000, klachi 260,000, kuvutwa 250,000, oili ya giaboksi 40,000, na sili yenyewe 28,000. Jumla 728,000. Ni mara ishirini na sita ya bei ya kile kipande cha mpira. Nilimwomba mzee anipunguzie? Hapana. Nililipa kwa awamu tatu, na yeye hakunidai hata siku moja. Mafla nilimuuzia kijana mmoja wa Tandika kwa 70,000, na fedha ile ilikuwa sehemu ya awamu ya kwanza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufunga injini ya mtumba, iwe Celica, Altezza au Noah ya kubebea familia, sikia la mwenzako aliyeungua. Pima kompresheni kabla ya kulipa. Chukua karatasi. Injini ikiwa bado chini, badilisha kila kilicho cha mpira na kila kinachofikika kwa shida baadaye: sili zote, mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji, themostati, mipira ya rejeta, klachi, maunting'i. Kama fedha haitoshi, acha vinavyofikika kwa urahisi, plagi na vya juu, utavibadilisha mwezi ujao ukiwa umesimama nyumbani. Kilichojificha ndicho cha kwanza. Na mafla ya kunguruma, ndugu yangu, itakusubiri.

Mama hakunigombeza mpaka leo. Deni la kikoba tulimaliza mwaka 2024. Kuna picha ukutani kwake: mdogo wangu na joho lake, mama na kilemba kimelala upande mmoja, wamesimama nje chini ya mti, sherehe imekwisha, viti nyuma yao vinapangwa kurudishwa. Wanacheka wote wawili. Kila nikiingia sebuleni naiona, na hakuna anayesema kitu.

Juzi amesikia mdogo wangu amepata mchumba hukohuko Morogoro, na wazee wanatakiwa kwenda kujitambulisha. Nikamwambia, "Mama, safari hii nakupeleka mimi." Mama yangu hajui plagi wala pistoni, hajawahi kushika usukani. Aliendelea kuchambua mchicha wake, hakuinua macho, akauliza swali moja tu:

"Sili ni mpya?"